Mende, Mchwa na Panya: Namna ya Kunusuru Kompyuta za Zamani Karagwe na Kyerwa

Kompyuta iliyotengenezwa miaka 25 au 30 iliyopita inaweza kuwaka hadi leo na kufanya kazi yake, mradi wadudu hawakuigeuza makazi na panya hawakutafuna nyaya zake. Mara nyingi kinachoiua si umri. Ni miaka michache ya kusahauliwa stoo, juu ya sakafu yenye unyevu, kati ya maboksi ya karatasi na magunia, mlango ukiwa umefungwa na mwenye ufunguo amehama kituo cha kazi.

Hali hiyo ina uzito wa pekee katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Hadi mwaka 2012 wilaya hizo zilikuwa wilaya moja ya Karagwe, yenye makao makuu Kayanga. Kumbukumbu za wananchi wa Nkwenda, Kaisho au Murongo za kabla ya mwaka huo zilizaliwa zikiwa kumbukumbu za Karagwe. Nyingi ziko kwenye majalada. Lakini pale ambapo shule, hospitali, chama cha ushirika au ofisi ya umma ilikuwa imekwisha kuanza kutumia kompyuta, sehemu ya kumbukumbu hizo imo ndani ya diski na flopi za wakati huo. Flopi ya inchi 3.5 hubeba megabaiti 1.44 tu, kiasi kisichotosha hata picha moja kubwa ya simu ya leo, lakini kiasi hicho kinatosha orodha ya wanafunzi wa miaka kadhaa au daftari zima la malipo ya wakulima wa kahawa. Haisomeki bila mashine yenye sehemu ya kuiingizia, na kampuni ya Sony, iliyoileta sokoni, iliacha kuiuza mwaka 2011.

Ipo pia sababu ya kihistoria. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1960. Baada ya uzoefu usioridhisha, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na kompyuta za mezani zilianza kuenea kwa kasi katika miaka ya 1990 tu. Ndiyo maana neno "kompyuta ya zamani" lina maana yake hapa nchini. Ulaya na Marekani watu huhifadhi mashine za miaka ya 1970. Katika wilaya za pembezoni kama Karagwe, mashine ya mwaka 1996 au 2001, nyingi zikiwa zimeingia nchini zikiwa tayari zimetumika kwingine, ndiyo ya kizazi cha kwanza. Zilikuwa chache tangu mwanzo, na zilizobaki ni chache zaidi.

Jambo la msingi katika kuzilinda ni kuelewa kwamba hakuna mdudu anayeingia ofisini kwa ajili ya kompyuta. Mdudu hufuata joto, giza, chakula na tundu la kupitia. Kompyuta ya zamani humpatia joto, giza na tundu. Chakula huletwa na watumishi wenyewe. Kwa hiyo kinga huanza kwenye chumba kabla ya kufika kwenye mashine, na mwenye kuanza kwa kupuliza dawa ndani ya kasha ameanzia mwisho.

Mazingira ya Karagwe na Kyerwa yanafaa binadamu, migomba na kahawa, na kwa sababu hizo hizo yanafaa wadudu. Mvua hunyesha katika misimu miwili, na asubuhi nyingi huwa na ukungu kwenye vilima. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka makazi, mara nyingi hufika karibu kabisa na ukuta wa nyumba. Matandazo yanayohifadhi unyevu wa udongo huhifadhi pia mchwa, sisimizi na panya. Usiku huwa na baridi. Kifaa kilichotumika mchana kutwa hubaki na uvuguvugu saa kadhaa baada ya kuzimwa, na kwa mende uvuguvugu huo ni mwaliko.

Mende anayesumbua zaidi kwenye vifaa vya umeme si yule mkubwa wa chooni. Ni mende mdogo wa kahawia mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, ambaye hafikii hata sentimita mbili kwa urefu. Hupenda kujibana kwenye nafasi nyembamba ambapo mgongo na tumbo vyote vinagusa kitu, na ndani ya kifaa cha kugawa umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, nafasi hizo ni nyingi. Jike hubeba kifuko cha mayai 30 hadi 40, na hukiacha mayai yakiwa karibu kuanguliwa. Mende mmoja aliyesafiri ndani ya boksi la printa kutoka mjini anaweza kuwa ukoo mzima ndani ya miezi michache. Kinyesi chake huonekana kama unga wa kahawa uliomwagika, na kwenye ubao wa saketi huvuta unyevu na kula shaba taratibu. Mende aliyekufa akiwa amegusa nyaya mbili za volti 230 huweza kusababisha shoti.

Chakula chake ni makombo. Mkate unaoliwa juu ya kibodi, chai ya maziwa iliyomwagika kidogo ikafutwa juujuu, ndizi iliyobanikwa na kuachwa kwenye droo: hivyo ndivyo humlisha. Mende anaweza pia kula gundi ya maboksi na ya majalada ya vitabu. Chumba cha kompyuta ambacho watu hula ndani yake hakiwezi kuwa salama hata kikipuliziwa dawa kila mwezi. Agizo la kutokula ndani limebandikwa kwenye milango mingi. Utekelezaji wake ndio huwa mgumu saa nne asubuhi.

Kundi la pili huja na mwanga. Mwanzoni mwa mvua kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na kukimbilia taa, na mwezi Novemba na Desemba huja senene. Katika mkoa wa Kagera senene ni kitoweo, zawadi na biashara, na hakuna atakayewaita waharibifu. Lakini taa kali iliyoachwa ikiwaka ndani ya ofisi yenye madirisha wazi haitofautishi kitoweo na balaa: senene, kumbikumbi na nondo huingia pamoja, hudondosha mabawa na miguu kwenye matundu ya kupitishia hewa, na nyuma yao hufuata mjusi kafiri anayewawinda. Mjusi ndiye mwenye hasara kubwa. Hupita kwenye uwazi mdogo, hulala juu ya pawasaplai kwa ajili ya joto, na mwili wake wenye majimaji ukigusa sehemu mbili zenye umeme, mjusi na kompyuta huangamia kwa pamoja.

Dawa ya mnyororo huo ni mwanga wenyewe. Taa ya nje iwekwe mbali na mlango na madirisha, ikielekezwa ukutani badala ya kuning'inia juu ya mlango. Taa za rangi ya manjano huvuta wadudu wachache kuliko zile nyeupe zenye mwanga wa kibuluu. Madirisha yawe na nyavu nzima, na taa za ndani zizimwe watumishi wanapoondoka. Mitego ya senene, yenye taa kali na mabati ya kuwateremsha kwenye mapipa, isijengwe jirani na maabara ya shule, kwani wadudu wanaovutwa hawaishii wote kwenye pipa.

Kuhusu nondo, historia ya kompyuta ina kisa chake maarufu. Tarehe 9 Septemba, 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walikuta nondo amenasa kwenye swichi moja ya mashine hiyo. Walimbandika kwa utepe kwenye daftari la kumbukumbu na kuandika kwamba hicho kilikuwa kisa cha kwanza cha mdudu halisi kupatikana. Mafundi walikuwa wakiita hitilafu "mdudu" tangu zamani, na ndiyo maana walicheka. Daftari hilo, pamoja na nondo wake, limehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya historia mjini Washington. Kwa maneno mengine, mdudu amehifadhiwa vizuri kuliko kompyuta nyingi.

Mchwa wanastahili kutajwa kwa urefu zaidi kwa sababu hasara yao haionekani mpaka imekamilika. Mchwa hula ubao, karatasi na maboksi, si chuma wala plastiki. Hata hivyo nyaya zilizopita kwenye njia yao hutafunwa, na povu jeupe gumu linalopakiwa pamoja na vifaa hutobolewa kama chuguu. Kinachopotea kwanza ni vitabu vya maelekezo, fomu, lebo za flopi na maboksi yenye namba za mashine. Wengi huona hivyo ni takataka. Lakini kwa mashine ya mwaka 1995 kitabu cha maelekezo ni sehemu ya mashine, kwani bila hicho fundi kijana hajui swichi ndogo za kwenye ubao zipangwe vipi, na flopi isiyo na lebo ni flopi ambayo hakuna atakayejua ina nini.

Mchwa hawapendi mwanga wala hewa kavu, hivyo husafiri ndani ya vijia vya udongo wanavyovijenga ukutani. Kijia hicho ndicho dalili ya kutafutwa. Vifaa viwekwe juu ya rafu za chuma, siyo za mbao, angalau sentimita 15 kutoka sakafuni na upana wa kiganja kutoka ukutani, ili mtu aweze kuona nyuma yake kwa tochi. Boksi lililoegemea ukuta limewajengea mchwa daraja. Nje ya jengo kuachwe ukanda usio na matandazo, kuni wala majani, wenye upana wa mita moja. Pale ambapo migomba imefika dirishani, ukanda huo unaweza kudai mkungu mmoja au miwili kwa mwaka, na hiyo ni gharama ndogo.

Panya naye ana sababu yake ya kutafuna. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, na waya wenye ganda la plastiki una ugumu unaomfaa kuyapunguza. Tundu ambalo kalamu ya risasi inapita linamtosha panya mdogo wa nyumbani. Kompyuta za zamani huwa na matundu makubwa kuliko hayo: nyuma ya kasha, pale ambapo kadi iliondolewa, kile kibati cha kuziba nafasi hiyo hupotea na pengo hubaki miaka yote. Kupitia hapo panya huingiza majani ya migomba, sufi ya magodoro na vipande vya karatasi, akajenga kiota juu ya ubao mkuu wa saketi. Mkojo wake huozesha njia za shaba kwa namna ambayo fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kuirekebisha mara moja au mbili, si zaidi. Kibati cha kuziba pengo kinaweza kukatwa kutoka kwenye bati lolote jembamba na fundi wa Omurushaka, kikafungwa kwa skrubu moja.

Hatari huongezeka pale ambapo chumba cha kompyuta ndicho pia ghala. Katika chama cha msingi cha ushirika, msimu wa kahawa unapopamba moto, magunia hufika hadi ofisini, na shule nyingi huhifadhi mahindi na maharage ya chakula cha wanafunzi popote penye mlango unaofungika. Magunia hayo huleta dumuzi, dumuzi huleta mijusi, na nafaka huleta panya. Chakula na kompyuta vikikaa chumba kimoja, kitakachopoteza ni kompyuta. Paka husaidia, ingawa kompyuta zenye vioo vya zamani huwa na joto juu yake na paka hupenda kulala hapo, manyoya yake yakiingia kwenye matundu. Mitego ya chuma iliyowekwa kando ya ukuta, njia anayopita panya, ni bora kuliko sumu, kwa sababu panya aliyekula sumu hufia mahali asipofikika, mara nyingine ndani ya kasha hilo hilo. Tanzania ina utaalamu wake katika eneo hili: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kimekuwa kikifanya utafiti wa panya na viumbe waharibifu kwa miongo kadhaa.

Sisimizi huingia kwenye soketi, swichi na vifaa vya kusawazisha umeme. Jamii fulani za sisimizi zina tabia iliyochunguzwa sana huko kusini mwa Marekani: mmoja akipigwa na umeme hutoa harufu ya hatari inayowaita wenzake, nao hupigwa na umeme na kuita wengine, mpaka maiti zao huziba swichi. Nyigu wajengao kwa udongo huziba matundu ya kuchomekea nyaya za printa na mdomo wa kuingizia flopi. Kipande cha utepe wa karatasi kikibandikwa juu ya tundu lisilotumika, tatizo limekwisha. Popo wa darini hudondosha kinyesi kupitia nyufa za dari, na dawa yake ni kuziba njia zao za kuingilia baada ya kuwa wametoka.

Sehemu inayohitaji tahadhari kubwa ni ile ya tiba, kwa kuwa kompyuta nyingi za zamani huharibiwa na mtu aliyekuwa akijaribu kuziokoa. Dawa ya kopo ya kuua wadudu isipulizwe ndani ya kompyuta kamwe. Nyingi hubebwa na mafuta na gesi vinavyowaka, huacha utando kwenye viunganishi vya shaba, na huweza kupasua plastiki iliyochakaa. Mafuta ya taa na dizeli, yanayomwagwa na watu wengi dhidi ya mchwa, ni hatari zaidi, kwa kuwa chumba chenye mvuke wa mafuta hayo na pawasaplai yenye shoti ni moto unaosubiri. Vidonge vyeupe vya kuwekea nguo dhidi ya nondo hutoa mvuke unaolainisha baadhi ya plastiki na si mwema kwa anayeuvuta siku nzima.

Mbinu za mkulima nazo hazihamishiki zote. Majivu hufanya kazi nzuri kwenye maharage, lakini majivu yakipata unyevu hupitisha umeme na kula chuma, na vumbi lake huua sehemu ya kusomea flopi. Kuanika juani, kama inavyoanikwa kahawa, hufukuza mende kweli. Pia hukunja flopi na kuifanya plastiki ya kompyuta kuwa njano na kukatika kama kaukau. Mfuko wa tabaka tatu wa kuhifadhia nafaka, ambao wakulima wanaufahamu kwa jina la PICS au kinga njaa, huua wadudu kwa sababu wadudu na nafaka iliyojaza mfuko humaliza hewa ya oksijeni iliyobaki. Kibodi yenye mende watano ndani ya mfuko huo ina hewa nyingi na walaji wachache, hivyo mende wanaweza kuishi muda mrefu. Mfuko unafaa kwa kazi nyingine: kukitenga kifaa kipya kilicholetwa, kwa wiki chache, mpaka ijulikane kama kimekuja na wageni. Kifungiwe siku kavu, pamoja na pakiti za chembechembe za kunyonya unyevu, la sivyo ukungu utamaliza walichobakiza wadudu.

Kinachofanya kazi dhidi ya mende ni chambo cha jeli, kinachowekwa kwa matone madogo kwenye kona za meza, nyuma ya kabati na kando ya mlango, nje ya mashine na mbali na watoto. Mende hukila, hurudi mafichoni na kufia huko, na wenzake hula mzoga wenye sumu. Kwa kuwa kupuliza dawa huwafanya mende wakikwepe chambo, mbinu hizo mbili zisichanganywe. Mitego ya karatasi yenye gundi husaidia kujua idadi: ikiwekwa mitatu kwenye chumba na kukaguliwa kila wiki, inaonyesha wadudu wanatokea upande gani kabla hawajaonekana mchana. Dawa inayonunuliwa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na lebo yake iwe inasomeka. Zile zinazopimwa kwenye chupa za maji sokoni hazina lebo, na hakuna ajuaye zimechanganywa na nini.

Makumbusho mengi duniani hutumia baridi. Kitu kilichoshambuliwa hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki uliotolewa hewa, kikawekwa kwenye nyuzi joto hasi 20 kwa wiki moja, au wiki mbili ikiwa friza ni ya kawaida ya nyumbani, kisha kikaachwa ndani ya mfuko huo saa 24 baada ya kutolewa ili maji yasitonee juu yake. Njia hiyo inafaa kwa vitabu vya maelekezo, kibodi, nyaya na makasha matupu. Haifai kwa vioo vya aina yoyote, betri, diski wala flopi.

Usafi wa ndani hufanywa na fundi, mashine ikiwa imechomolewa kutoka ukutani. Mashine yenye kiota cha panya isipulizwe wala kufagiliwa ikiwa kavu, kwa sababu vumbi la kinyesi na mkojo wa panya hubeba magonjwa. Fundi avae barakoa na glavu, alowanishe kiota kwa dawa ya kuua vijidudu, akitoe na kukizika. Ubao wa saketi husafishwa kwa brashi laini na spiriti safi ya isopropili, siyo ile ya rangi ya kuwashia moto. Feni ishikwe kwa kidole isizunguke inapopulizwa. Betri ndogo iliyochomelewa kwenye ubao wa mashine za mwanzoni mwa miaka ya 1990 itolewe hata kama inaonekana nzima, maana ikivuja hula ubao kuliko mdudu yeyote aliyetajwa hapa. Kioo kikubwa cha zamani chenye mgongo kisifunguliwe na mtu asiyefunzwa: ndani yake hubaki chaji ya maelfu ya volti, 20,000 na zaidi kwa vioo vya rangi, hata baada ya kuzimwa. Mende waliomo humo waachwe wafuate chambo nje.

Baada ya usafi, mashine ifunikwe kwa kitambaa cha pamba, siyo nailoni inayofungia unyevu, na kitambaa kiondolewe kabla ya kuiwasha. Kuiwasha kwa saa moja au mbili kila mwezi hukausha unyevu, na hutoa fursa ya kufanya jambo ambalo halipaswi kusubiri: kunakili yaliyomo. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 haikuishia kwenye karatasi, na faili la mwaka 1999 lililo ndani ya flopi ya ofisi ya umma ni kumbukumbu ya Serikali sawa na jalada. Nakala zitengenezwe mbili, zikae majengo mawili tofauti, na flopi yenyewe isitupwe, kwani nakala isiyofunguka hugunduliwa siku inapohitajika.

Kwa mashine ambazo haziokoleki, taratibu za kuondosha mali za umma zifuatwe, na kabla ya mnada diski yake itolewe na kukaguliwa. Shule au ofisi zenye mashine tatu mbovu za aina moja zinaweza kupata moja nzima kutokana nazo, hivyo orodha ya vifaa vilivyopo stoo, yenye aina, mwaka na hali ya kila kimoja, ni vyema iandaliwe kabla ya kitu chochote kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Kioo cha mgongo kina madini ya risasi na hakipaswi kuvunjwa wala kuzikwa kwenye shimo la taka la shule. Kipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wanaotambuliwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Ukaguzi wa vyumba wenyewe hupangwa vizuri zaidi mwanzoni mwa Septemba na mwishoni mwa Februari, kabla ya mvua, wakati kijia cha mchwa ukutani bado ni kifupi na kumbikumbi hawajaanza kuruka.